Kazi Iliyokwenda kwa Mwenzake: Kisa cha Mchoraji Aliyejifungua

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mchoraji wa vitabu vya watoto aliyejifungua mtoto wake wa kwanza hapa Nairobi, na miezi iliyofuata. Nilimhudumia kama mshauri nasaha. Amekisoma na kukiridhia kabla hakijatoka, na mchoraji mwenzake anayetajwa humu alisomewa sehemu zinazomhusu. Mtaa, mchapishaji, kliniki na baadhi ya mambo ya kifamilia yameondolewa au kubadilishwa. Nitamwita Mama T, mumewe Baba T, na yule mwenzake nitamwita mwenzake tu.

Wengi wanaonijia na malalamiko ya wivu huja wakiwa wamekwisha kujihukumu. Mama T aliketi, akamweka mtoto begani, akasema: "Daktari, mimi nimekuwa mtu wa roho mbaya." (Mimi si daktari, lakini mjini humu kila anayekaa nyuma ya meza na kusikiliza huitwa daktari.) Nimeandika kisa chake kwa sababu ile roho mbaya, tulipoichambua, ilikuwa imechanganya hasara ya kweli na njaa ya kusifiwa. Vitu hivyo viwili havitibiwi kwa dawa moja.

Usuli

Mama T yuko mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Amechora vitabu kwa miaka kadhaa, analipwa kwa ukurasa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili, na baba wiki 2. Baba T ameajiriwa, akapata wiki zake. Mama T hana mwajiri, ana wateja, na mteja haulizwi habari za likizo. Siku asiyochora ni siku asiyolipwa.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa mwaka 2019, kazi za michoro ya vitabu zimekuwa zikija kwa vipindi. Darasa jipya linapofikiwa, wachapishaji hukimbizana kuandaa vitabu na kuviwasilisha KICD, taasisi ya kukuza mitaala, ili vikaguliwe na kuidhinishwa. Tarehe ya kuwasilisha ikipita, imepita. Mchoraji hukesha miezi miwili mitatu, kisha simu inanyamaza.

Katika kipindi kimoja kama hicho Mama T alikuwa na mkataba wa kitabu kikubwa, na mimba ya miezi minane. Alikuwa amekwisha kuwabuni wahusika wote: msichana mwenye pengo, babu mwenye baiskeli, mbuzi mkorofi. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekubaliwa. Kisha presha ikapanda, daktari akamwamuru apumzike. Aliomba kuongezewa wiki chache. Mhariri alimpenda na alisikitika, lakini tarehe ya KICD haikuwa yake kuisogeza. Kazi akapewa mwenzake, akaendelea na wahusika walewale. Mama T alilipwa kurasa alizozimaliza.

Kwa mkataba, hakuna aliyekosea. Nadhani hapo ndipo ugumu ulipojificha, maana mtu aliyepoteza kitu bila wa kumlaumu hubaki na hasira isiyo na anwani.

Mwenzake huyo hakuwa mgeni. Walianza sanaa pamoja, wakikodi chumba kimoja cha kazi, wakigawana kodi na bili ya stima, wakikosoana michoro kwa chai ya rangi. Mmoja akipata kazi kubwa, alimwitia mwingine vipande vyake. Mama yake Mama T, kwa upande mwingine, hajawahi kuichukulia kazi hiyo kuwa kazi. Kwake kuchora ni kitu mtu anachofanya huku akisubiri kuajiriwa.

Mambo yalivyokwenda

Siku za mwanzo Mama T alilia sana. Hilo si ajabu. Akina mama wengi hutokwa na machozi bila sababu katika siku chache baada ya kujifungua, na kwa kawaida hupita ndani ya wiki 2. Ya kwake pia yalipungua. Kilichokuja baada ya hapo ndicho kilichomleta kwangu.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kila aliponyonyesha, mkono mmoja ulikuwa na mtoto na mwingine na simu. Alianza kupakia michoro yake ya zamani saa nane za usiku, kisha kuhesabu alama za moyo. Alikuwa akilala kidogo, anaamka kunyonyesha, anaangalia tena. Usiku mchoro ulipopata mioyo mingi alihisi, kwa maneno yake, "bado nipo." Ulipopata michache aliufuta kabla ya kupambazuka.

Kisha alihamia ukurasa wa mwenzake. Mwenzake alikuwa amemaliza kile kitabu, akapata kazi ya kuchora ukuta wa shule, halafu akaingizwa katika maonyesho ya pamoja. Picha zilikuwa nyingi: ngazi, ndoo za rangi, watoto wenye sare wakicheka. Mama T alisoma maoni yote hadi chini akimtafuta mtu mmoja atakayesema kazi ni dhaifu. Usiku mmoja alimpata, akafurahi, kisha akaona aibu iliyomnyima usingizi hata ule mchache uliobaki.

Kabla hajaja kwangu alikwisha kujaribu mambo matatu. Kikundi cha akina mama cha kanisani kilimshauri awe na daftari la shukrani, aandike kila jioni mambo matano. Aliandika siku chache. Alisema kila jambo aliloandika lilionekana kama shtaka: una mtoto mzima, una mume, una paa, sasa unalalamikia nini? Aliliacha.

Kisha aliifuta ile programu kwenye simu. Ikarudi haraka, kwa sababu rahisi kabisa: wateja wake humtafuta hapohapo. Kumwambia mchoraji wa Nairobi atoke mtandaoni ni kumwambia afunge duka.

La tatu lilikuwa baya zaidi. Usiku mmoja alimtumia mwenzake ujumbe wa sauti mrefu, akilia, akimwambia kwamba anamwonea wivu, kwamba wale wahusika ni wake, na kwamba anampenda. Mwenzake alijibu baada ya siku mbili: "Pole sana mpenzi, pumzika, tutaongea." Mama T aliusikia upole huo kama mlango unaofungwa.

Hapo katikati palikuwa na jambo ambalo hakulitaja hadi kikao cha pili, na alilitaja kama kitu kidogo. Baba T alipakia picha yake akiwa dukani, mtoto amefungwa kifuani. Maoni yalimiminika: baba wa mfano, wanaume tuige, hongera mzee. Mama T alicheka aliponisimulia, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Mimi nimembeba miezi tisa na usiku kucha. Yeye amembeba hadi dukani, nchi nzima inapiga makofi."

Mama mkwe naye alikuja kumwona mjukuu, akaleta unga wa uji na viazi vitamu, akakaa. Alisaidia sana, na hilo lisemwe. Lakini alipomkuta Mama T na kishikwambi cha kuchorea alimwuliza, "Mwanangu, na hizo katuni utaziacha lini? Mtoto anataka mama." Mama T alijibu, "Nitaziacha, mama." Hakuwa na nia yoyote ya kuziacha. Alitaka tu uso wa mama mkwe ulainike, na ulilainika. Usiku uleule alipakia michoro minne. Mama yake mwenyewe alipotumiwa mchoro wa mtoto akiwa usingizini, alijibu kwa kuuliza kama mafua yamepona.

Kliniki alikwenda bila kukosa: chanjo za wiki ya 6, ya 10, ya 14. Mtoto alipimwa uzito, kadi ikajazwa. Yeye mwenyewe hakuulizwa lolote zaidi ya kama anatoa maziwa ya kutosha. Ni mama mwingine kwenye foleni aliyemwambia kwamba kuna watu wa kuongea nao.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

*Mwili kwanza.* Kabla ya kuugusa wivu, nilimpa Kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987 ili kutambua sonona ya baada ya kujifungua. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na alama za juu kabisa ni 30. Alipata 12. Swali la 10, linalouliza kuhusu wazo la kujidhuru, alijibu hapana, na nililirudia kwa mdomo ili niwe na hakika. Alama 12 haithibitishi ugonjwa, lakini si alama ya kupuuza. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni asilimia 19.8. Nilimwelekeza kwa daktari. Daktari alimpima damu, akamkuta na upungufu, akampa vidonge vya madini ya chuma na kutaka kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa.

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu mshauri aliyezoea kusikiliza hadithi anaweza kuvutwa na hadithi nzuri ya wivu akasahau kwamba aliye mbele yake hana damu ya kutosha na hajalala saa nne mfululizo kwa miezi mitatu.

*Kutenganisha hasara na wivu.* Kikao cha tatu tulichukua karatasi. Nilimwomba aandike kila kitu alicho nacho mwenzake ambacho yeye hana, kisha akipitie kimoja kimoja na kusema kama angekitaka leo, katika hali yake ya leo. Ukuta wa shule? Kupanda ngazi siku nzima huku maziwa yanavuja? Hapana. Maonyesho? Alifikiri, akasema angetaka kualikwa, ila asingetaka kwenda. Tulicheka wote. Wafuasi wengi? Ndiyo, kidogo. Kitabu? Hapo alinyamaza.

Kitabu alikitaka. Alimtaka yule msichana mwenye pengo. Alikuwa amemchora kwa kumfuata binamu yake wa utotoni, na mwenzake, ili aendane na kasi ya kazi, alikuwa amemrahisishia uso. "Amempa meno," alisema. Alilia kwa namna ambayo hakuwa amelia aliposimulia mambo ya mtandaoni. Tulikubaliana kuliita jina lake: kufiwa na kazi. Aliyefiwa haambiwi ashukuru alivyobaki navyo.

Vingine viwili vilivyobaki kwenye orodha vilitushangaza kwa udogo wake: saa chache za kuchora bila kukatizwa, na mtu anayejua michoro wa kumwambia kwamba mchoro umekaa au haujakaa. Hivyo mwenzake alikuwa navyo kila siku. Na Mama T mwenyewe alikuwa navyo hadi mwaka uliopita, katika kile chumba walichogawana kodi.

*Simu usiku.* Hatukuifuta programu. Chaja ilihamishiwa sebuleni. Kando ya kitanda kikawekwa kidaftari kidogo na penseli, kwa sharti kwamba kilichochorwa usiku hakipakiwi kabla ya saa nne asubuhi. Kunyonyesha na kuchora kwa mkono mmoja kunawezekana, ingawa mistari hutoka imepinda. Mara mbili alikwenda sebuleni saa tisa usiku akiwa pekupeku kuitafuta simu. Aliniambia bila kuulizwa.

*Jumamosi.* Baba T alikuja kwa kikao kimoja, akiwa amejiandaa kushtakiwa. "Kwani mtu akisifiwa ni kosa?" aliuliza kabla hajaketi vizuri. Si kosa, na tuliamua makusudi kutozungumza habari za ile picha. Tungeizungumza, kikao kizima kingekuwa kuhusu nani anastahili makofi. Badala yake Mama T aliomba jambo linalopimika: kila Jumamosi, saa tatu hadi saa saba, mtoto ni wa baba, na mama hayupo nyumbani. Maziwa yatakuwa yamekamuliwa. Jumamosi ya kwanza Baba T alipiga simu mara nne kuuliza vitu viko wapi. Iliyofuata alimpeleka mtoto kwa dada yake, na dada huyo ndiye aliyefanya kazi yote. Ya tatu ilinyesha na haikufanyika. Kuanzia ya nne mpango ukashika, na Mama T akapata meza maktabani.

*Msomaji mmoja.* Kuna mchoraji mzee, amestaafu, aliyewahi kuwafundisha Mama T na mwenzake. Mama T alikuwa amemtumia michoro kwa simu mara kadhaa tangu ajifungue, na mzee hakujibu. Alilichukua hilo kuwa hukumu. Nilipomdadisi, ikawa alimtumia kwenye stetasi, pamoja na watu wote, akitarajia mzee aone na aseme neno. Mzee hatazami stetasi. Uamuzi ulikuwa ampigie na kumwomba waziwazi: Ijumaa moja baada ya nyingine, michoro mitatu, aambiwe kisichofanya kazi. Ilimchukua wiki mbili kupiga simu hiyo. Kuomba kukosolewa kulimtisha kuliko kusubiri kusifiwa.

"Mwalimu, shikamoo. Nina mtoto na nina michoro, naomba unisaidie na hiyo ya pili," ndivyo alivyomwanza. Mzee alicheka, akamwambia alete. Ijumaa ya kwanza alitazama mchoro wa mama na mtoto kwa muda, akasema, "Mkono huu haujashika kitu. Mtoto ataanguka." Mama T alitoka akiwa amenuna. Aliuchora mkono ule mara nyingi.

*Kibarua bila jina.* Mwenzake alikuja kumtembelea mtoto akiwa na njahi na parachichi, miezi mingi imepita. Katika mazungumzo alieleza kwamba mchapishaji alikuwa bado hajamlipa fedha zote za kile kitabu, na malipo ya ukuta pia yalikuwa yanasuasua. Akampa Mama T kazi ndogo: michoro ya pembeni ya kitabu cha mazoezi, malipo nusu kabla, nusu baada, jina halitatokea. Mama T aliniuliza nifikiri nini. Nilimuuliza anahitaji pesa au jina. Alisema pesa. Akaichukua.

Matokeo

Mtoto alipofikisha miezi 9 na kupata chanjo ya surua, Mama T alirudia kipimo akapata 6. Damu ilikuwa imepanda. Alikuwa analala vipande virefu zaidi, jambo ambalo mtoto alichangia kuliko mimi.

Wivu haukuondoka. Mwenzake alipotangaza ukuta wa pili, Mama T alimpigia simu akamwambia hongera, kisha akanipigia mimi na kulalamika kwa dakika kumi nzima. Tofauti ni kwamba zilikuwa dakika kumi. Zamani habari ya namna hiyo ilimla wiki.

Ana michoro ya usiku, ile ya mistari iliyopinda, inayojaza kidaftari. Mzee amesema sita kati yake imekaa. Haijapakiwa popote. Baba T bado anapakia picha. Mama mzazi hajasifu chochote, na mama mkwe bado anauliza.

Kile kibarua kilikuwa na mwisho wake. Kitabu cha mazoezi kilipochapishwa Mama T alikifungua ukurasa wa haki, akasoma majina, na akakasirika kwa nguvu iliyomshangaza, ingawa alikuwa amekubali masharti.

Uchambuzi

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika kwamba watu hujipima kwa kujilinganisha na wengine hasa pale ambapo hakuna kipimo kingine cha kutegemea, na kwamba huwachagua walio karibu nao kwa hali na uwezo. Mchoraji hana mizani. Fundi bomba anajua kazi yake ni nzuri maji yasipovuja, ila mchoro haumwambii mwenye nao neno. Kwa hiyo mwenzake wa chumba kimoja ndiye aliyekuwa mizani ya Mama T kwa miaka yote, na mizani hiyo ilifanya kazi vizuri walipokuwa wakisogea pamoja. Uzazi ulimsimamisha mmoja, na mizani ikaanza kusoma kushuka kila siku. Hakuwa ameanza kumlinganisha mwenzake na yeye baada ya mtoto. Alikuwa akifanya hivyo siku zote, na zamani kulimfaa.

Ndiyo maana naona yule mzee ndiye aliyesaidia kuliko jambo lolote jingine, kunizidi na mimi. Alirudisha kipimo badala ya ulinganisho. "Mkono haujashika kitu" ni neno la kuumiza, lakini linahusu mkono. Mtu anaweza kwenda kuurekebisha. Mioyo ya saa nane usiku haimwambii mtu afanye nini kesho. Inamwambia tu arudi kuangalia. Na kwa sababu haitabiriki, mara kumi mara mia, inashika kuliko ingekuwa ya uhakika. Wanasaikolojia wameujua mtego huo tangu majaribio ya B. F. Skinner kwa njiwa: anayepewa punje kwa bahati hudonoa bila kuchoka. Ukiweka nafasi nane hadi kumi na mbili za kudonoa kwa siku, kila moja ikiambatana na mtoto na uchovu, sioni ajabu yoyote. Kuhamisha chaja kulivunja mwambatano huo. Kufuta programu hakukuvunja, kwani kulimwondolea pia wateja, na mtu hawezi kushikilia uamuzi unaomnyima riziki.

Ule ujumbe wa sauti ulishindwa kwa sababu ulikuwa ombi lililovaa nguo za ungamo. Alitaka mwenzake amwambie kwamba yeye bado ni bora, au kwamba wale wahusika ni wake. Mwenzake, aliyeusikiliza asubuhi akiwa kazini, alisikia tu mtu aliyechoka. Mambo mawili hayo yangeweza kuombwa kila moja kwa jina lake, mchana, na mtu akajibu ndiyo au hapana.

Kuna nafuu moja nisiyoiamini. Aliposikia kwamba mwenzake hajalipwa, Mama T alichangamka kwa siku kadhaa, na akanieleza kwa unyofu unaostahili heshima. Vitabu vingi vya ushauri vingesimama hapo: kumbe naye ana shida, basi wivu umekwisha. Nafuu hiyo hudumu hadi mwenzako atakapolipwa. Nilimwacha aifurahie, sikuijenga hoja juu yake.

Kuhusu Baba T sina uhakika kwamba tulifanya vyema, ingawa ningefanya vivyo hivyo tena. Kukwepa suala la sifa kulileta Jumamosi, na Jumamosi ilileta michoro. Lakini lile dai la Mama T halikuwa upuuzi. Baba anayembeba mtoto husifiwa kwa kuwa hatarajiwi, mama hasifiwi kwa kuwa anatarajiwa, na saa nne za maktaba hazilipi deni hilo. Siku moja watalazimika kulizungumza, pengine bila mimi. Baba T si mtu mbaya. Anafurahia makofi kama mkewe anavyofurahia mioyo, na amepata mahali ambapo yanapatikana kwa urahisi.

Kuhusu mama wawili, mama mzazi na mama mkwe, tulifanya kidogo sana na kwa makusudi. Mtu anayetaka kusifiwa na mtu asiyejua kusifu anaweza kungoja maisha yake yote. Mama T alijifunza kitu kimoja tu hapo, kutosema "nitaziacha." Sasa mama mkwe akiuliza, anajibu, "Mama, hizi ndizo zinazonunua nepi," na mama mkwe anaguna.

Limebaki suala la jina. Mama T alipokuja akiwa amekasirikia kile kitabu cha mazoezi, yeye mwenyewe aliliweka kwenye fungu la njaa ya kusifiwa: "Ona, nimerudi palepale." Mimi sikukubali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi hata baada ya kuuza haki za kibiashara. Bunge halikuiandika kwa ajili ya kubembeleza nafsi za wachoraji. Jina ukurasani ndilo linalomleta mhariri mwingine na simu nyingine, na kwa mtu asiye na mshahara wala likizo ya uzazi, hiyo ndiyo akiba. Mama T alikuwa amejifunza kuitilia shaka kila haja yake ya kuonekana, hata ile aliyokuwa na haki nayo.

Sasa kuna kitabu kingine. Mhariri yuleyule amempigia, tarehe ya KICD inakaribia, na safari hii Mama T ameandika barua pepe fupi akiomba vifungu viwili: jina lake litokee kwenye ukurasa wa haki, na akilazimika kusimama katikati, wahusika aliowabuni waandikwe kuwa ni wake. Mhariri amekubali la kwanza. La pili amesema atalipeleka kwa wakubwa. Mama T amemaliza michoro ya majaribio lakini bado hajatia sahihi.